Tani laki nane kwa nondo moja

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama ntilie wangu pale Soweto, Moshi, bakuli la mtori mbele yangu, nikashtukia mzee mmoja anavuta kiti. Tunafahamiana kwa misiba tu, ila anajua kwamba kazi yangu ni kupima vinamasi. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mvua mwaka huu zimetukataa. Kisha simu ikatoka mfukoni. Kwenye kioo palikuwa na picha ya kinamasi chake kule tambarare, chini ya mji, kimepakwa zambarau kuanzia ukingo hadi ukingo, na pembeni pameandikwa ekari 50.

"Mwanangu, hii yote ni mboji. Satelaiti imeshaona. Mimi mwenyewe nimechoma nondo katikati, imezama mita nne. Nimepiga hesabu, ni tani laki nane. Wewe nitafutie mnunuzi tu."

Hii ni mara ya nne tangu Januari naambiwa satelaiti imeshaona. Wa kwanza alikuwa dalali wa kaboni kutoka Arusha (biashara ya kulipwa kwa hewa ukaa isiyopanda angani), wa pili kijana mwenye droni, wa tatu namwacha maana tunasali pamoja. Mzee sikumjibu vizuri siku ile, mtori ulikuwa unapoa. Najibu hapa.

Kwanza jina. Mkulima ukimwambia mboji anafikiria lile lundo la majani na samadi nyuma ya mgomba. Mimi hapa nazungumzia mboji ya kinamasi: mimea iliyokufa majini, ikakosa hewa ya kuiozesha, ikalundikana juu ya wenzake milimita moja au chini ya hapo kwa mwaka. Mita nne, kama kweli zipo, ni kazi ya miaka elfu kadhaa. Yetu ya nyuma ya mgomba ni ya tangu Pasaka.

Sasa satelaiti. Satelaiti haioni mboji, inaona majani. Rada inaona maji, na ile ya mawimbi marefu inaweza kukuonyesha hata maji yaliyotuama chini ya miti. Data za mwinuko zinakwambia pa bonde ni wapi. Ukivikusanya vyote unapata mahali ambapo mboji ingeweza kuwepo. Ukiona moshi unatoka jikoni unajua moto umewashwa, lakini kama sufuriani kuna kiburu au maji ya kuoga, mpaka ufunue. Mafunjo hayabagui: yanaota juu ya mboji ya mita tano, na yanaota vilevile juu ya tope lililosombwa na mvua za juzi kutoka mashambani. Ukiyatazama kutoka angani, kijani ni kilekile.

Mfano mkubwa tunao jirani. Bonde la Kongo, lile eneo la katikati linaloitwa Cuvette Centrale, lilijulikana zamani kuwa msitu wa kinamasi. Kilichokuwa chini yake hakikujulikana vizuri mpaka watafiti Greta Dargie, Simon Lewis na wenzao wa Kongo walipoingia kwa miguu kuanzia 2012, maji magotini, na vyuma begani. Matokeo yalitoka 2017: kilomita za mraba 145,500 za mboji, kaboni tani bilioni 30.6. Satelaiti walitumia, tena sana, lakini baada ya kuifundisha kwa walichokikuta kwenye mashimo waliyotoboa. Halafu 2022 timu iliyopima zaidi, hasa upande wa Kongo ya Kinshasa, ikatoa ramani mpya: kilomita za mraba 167,600, kaboni tani bilioni 29. Soma tena hizo namba mbili. Eneo limepanda, kaboni imeshuka kidogo. Tofauti imetoka chini, kwenye vina na sampuli ambazo hakuna picha ya angani ingeziona. Ningekuwa na uwezo ningemchapishia kila dalali sentensi hiyo kwenye fulana.

Weusi wa udongo nao nipite haraka. Udongo wa mbuga ni mweusi, unapasuka kiangazi na kukamata magari masika, na mboji hamna. Udongo wa majivu ya volkano wa kule juu kwenye kahawa ni mweusi na mwepesi mkononi, una rutuba nyingi, na wenyewe pia si mboji ya kinamasi. Kuna mtu aliniletea kiroba kizima cha udongo huo kutoka Kibosho, kwa bodaboda. Nilimwambia apande migomba.

Turudi kwenye nondo, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Nondo ya milimita 12 ni kifaa kizuri cha kujengea. Kinamasini inakupa jibu moja tu: mahali ilipogoma. Haikwambii imepita kwenye nini. Kwenye vinamasi vyetu vya mafunjo, mara nyingi unachokanyaga ni mkeka wa mizizi unaoelea. Ruka kidogo, utaona mafunjo ya mita tano mbele yako yanatikisa vichwa. Nondo inatoboa mkeka, inapita kwenye maji matupu, inaingia kwenye uji wa tope, kisha inafika kwenye mfinyanzi laini na kuendelea kuzama humohumo kwa raha zake, maana mfinyanzi uliolowa hauna ubishi. Mita nne za mzee zinaweza kuwa nusu mita ya mkeka, mita moja ya maji, mita moja ya mboji, na zilizobaki ni mfinyanzi wa kufinyangia vyungu. Au kinyume chake: nondo imegota kwenye gogo lililozama enzi za mababu, na chini ya gogo mboji inaendelea.

Mwenye mkono mzoefu husikia tofauti. Mchanga unakwaruza, chuma kinatetema mpaka kiwikoni. Mfinyanzi unanyonya, ukivuta nondo unasikia kama unang'oa buti topeni, na ncha inatoka na rangi ya kijivu. Mimi mwenyewe natumia fito za chuma za kuunganisha, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini nazitumia kati ya shimo na shimo, baada ya kujua kilichomo.

Kujua kilichomo ni kazi ya kekee ya Kirusi. Ni nusu bomba lenye ubapa wa chuma unaolifunika. Unaishusha ikiwa imefungwa, ukifika kina unachotaka unaizungusha nusu duara, inakata na kujifunga na sampuli yake ndani, sentimita 50 kwa mara moja. Ukiipandisha na kuifungua, kwanza inakuja harufu ya mayai viza. Halafu rangi: hudhurungi kama kahawa yenye maziwa, na wewe ukiwa bado unaandika namba kwenye mfuko, inageuka nyeusi mbele ya macho yako kwa kukutana na hewa. Ndiyo maana rangi inaandikwa kwanza, salamu baadaye.

Kisha unachukua kiasi cha kiganja na kuminya. Lennart von Post, Mswidi, alituachia kipimo cha hatua 10 ambacho chombo chake ni ngumi. Yakitoka maji masafi na mkononi zikabaki nyuzinyuzi, ni H1. Ikipenya yote kati ya vidole kama ugali mbichi na mkononi pasibaki kitu, ni H10. Sayansi ya ngumi, mtacheka, lakini inafanya kazi. Tatizo lake nalisema wazi: mimi na mwenzangu tumewahi kuminya kipande kilekile, yeye akaandika H5, mimi H7, na hakuna aliyekubali kufuta. Kwenye ripoti tuliandika H6. Hakuna aliyeiona H6.

Sasa hesabu ya mzee. Ekari 50 ni kama hekta 20, yaani mita za mraba 200,000. Zidisha kwa nne, mita za ujazo 800,000. Mpaka hapo kalkuleta yake haina kosa. Kosa ni kwamba kinamasi chake kakifanya sinia, wakati vingi vimekaa kama bakuli. Pembeni mboji ni sentimita 20, katikati ndiyo mita nne. Bakuli lenye mteremko ulionyooka mpaka katikati lina theluthi moja tu ya ujazo wa sinia la kina hicho. Tumhurumie, tuseme 300,000.

Halafu tani. Mita moja ya ujazo ya mboji mbichi ina uzito wa kama tani moja, ndiyo, lakini karibu yote hiyo ni maji. Ikitoka kwenye tanuri la nyuzi 105 unabaki na kama kilo 100, na mara nyingi huwa popote kati ya 50 na 200. Laki nane imekuwa elfu 30. Chukua hiyo kavu uichome kwa nyuzi 550: kinachobaki ni majivu, na kwenye mabonde yanayopokea udongo wa mashamba na vumbi la volkano, majivu hayana aibu. Nimewahi kuchoma sampuli iliyonukia mboji, iliyominyika kama mboji, ikabaki zaidi ya nusu. Kwa mzee tuseme 40 kwa mia. Tumebaki na tani elfu 18 za mimea, na takriban nusu yake, elfu tisa, ndiyo kaboni. Hii ni hesabu ya mezani, shimo moja halitoshi hata kwa utani. Lakini oneni safari ya laki nane.

Tena hapo sijasema akiba. Kilichopo na kinachochimbika ni vitu viwili. Anayechimba hagusi kingo nyembamba wala tabaka la chini lililochanganyika na mfinyanzi. Mzee alisikia Rwanda wanazalisha umeme kwa mboji, na ni kweli, mtambo wa Gishoma ulijengwa kwa megawati 15. Ila ukikausha kinamasi, mboji inaanza kuoza, ardhi inadidimia, na kaboni ya miaka elfu nne inapanda angani kama hewa ukaa. Na kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, mita 60 kutoka ukingoni mwa maji si mahali pa kujiamulia. Hilo ni la siku nyingine.

Yananisumbua mambo ambayo vitabu vinayapitia kwa aya moja. Mboji ianzie unene gani ndipo iitwe mboji kwenye ramani? Wengine sentimita 30, wengine 40, Indonesia 50. Ukihamisha mstari huo kwa sentimita 10, nchi yenye vinamasi vyembamba inapoteza au kupata maelfu ya hekta bila jembe kugusa ardhi. Na uso wenyewe unapumua: masika unanyanyuka, kiangazi unashuka. Kina nilichopima Aprili na cha Oktoba kwenye shimo moja havilingani, na nimeshajikuta sijui niandike kipi. Rada ya kupenya ardhini inafanya vizuri kwenye mboji yenye maji baridi safi. Ipeleke kwenye maji ya magadi ya Bonde la Ufa uone inavyopofuka.

Kubwa zaidi ni mistari ya upimaji. Kanuni inasema ukate kinamasi kuanzia ukingoni, shimo kila umbali uliopangwa, na maeneo yachaguliwe kwa bahati nasibu ndani ya kila aina ya kinamasi. Mashimo yangu mengi yapo mahali Land Cruiser ilipofika. Ramani ya nchi nzima ikitengenezwa kwa mashimo kama hayo, programu inajaza katikati kwa kubahatisha kisomi. Kwa hiyo kila ramani ya kina hutoka na pacha wake: ramani ya mashaka, inayoonyesha wapi tumepima na wapi tumekisia. Ni mbaya kwa sura, ina mabaka mekundu. Nimeshakabidhi kazi zaidi ya moja, na kila mara pacha huyo ndiye anayeachwa ripoti inapochapishwa, eti inachanganya wasomaji. Ile zambarau ya mzee, nina hakika, ilizaliwa na pacha wake.

Jana nilimpigia simu. Nikamweleza haya, kwa kifupi na kwa adabu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni tani ngapi?"

Nikamwambia mashimo 40, siku tatu, vijana wawili wa kubeba vyuma, na buti zake mwenyewe. Tumekubaliana Alhamisi. Kabla hajakata akauliza kama aje na nondo.

"Njoo nayo mzee," nikamwambia, "tutachokolea nayo njia kabla hatujakanyaga."