Barabara kuu ikipita mlangoni kwako: X, mitaro, matuta na nani wa kumwandikia barua

Mimi ni fundi sanifu wa barabara, kazi yangu ni matengenezo, na sehemu kubwa nimeifanya kwenye barabara ya TANZAM, hii inayotoka Dar inapita Morogoro, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma. Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, unapanda Kitonga, unatokea Ilula kwenye nyanya, Mafinga, Makambako, yaani miji yote hii midogo inaishi kwa barabara, na kote huko ukisimama na koti la kung'aa watu wanakuja na maswali yaleyale. Kwanini nyumba yangu imepigwa alama ya X ya rangi, kwanini hamtuwekei matuta watoto wanagongwa, kwanini mtaro wenu unamwaga maji kwangu. Maswali ya haki kabisa, na pembeni ya gari la kazi huwezi kumjibu mtu yakaisha, kwa hiyo leo nayaandika.

Anza na hili, barabara ni ya nani. TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ipo tangu 2000 na inasimamia barabara kuu na barabara za mkoa. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianza 2017, inasimamia za wilaya, yaani za mitaani kwenu na zile za kwenda vijijini. Kwa mfano pale Makambako, TANZAM yenyewe na ile inayokata kwenda Njombe na Songea ni za TANROADS, lakini ukiingia mitaa ya ndani uko kwa TARURA. Watu wengi wanapeleka malalamiko ya barabara kuu halmashauri, barua inapokelewa vizuri tu alafu inalala huko maana aliyeipokea hana bajeti ya hiyo barabara wala hana mamlaka nayo. Ukijua mwenye barabara umeshaokoa miezi.

Sasa X. Kila barabara ina hifadhi yake, yaani eneo la pembeni ambalo ni mali ya barabara. Sheria ya zamani, ya 1932, ilikuwa inaihesabu mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, ikapanua mpaka mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mkoa. Hapo ndo rangi zinapotokea. X nyekundu maana yake uko ndani ya zile 22.5 za zamani, kwa macho ya sheria wewe ndo uliifuata barabara, unatakiwa kuondoka na fidia hakuna. X ya kijani maana yake uko kwenye ile nyongeza ya mita 7.5, barabara ndo imekufuata wewe, na siku serikali ikilitaka hilo eneo unathaminiwa na kulipwa kwanza. Tofauti ni kubwa mno, na nimeona mzee ana X ya kijani anaanza kung'oa mabati mwenyewe kwa hofu, hakuna aliyemweleza, jamani inauma. Ukiwa na kijani usibomoe, tunza karatasi zako za umiliki na kila kinachoonyesha ulikuwepo hapo kabla ya 2007. Ila pia usiongeze chumba wala kujenga ukuta mpya, kwa sababu unachoongeza sasa hivi hakitahesabiwa kama cha zamani.

Na usidhani ni mita 30 kila mahali. Kuna vipande vina hifadhi pana zaidi, Barabara ya Morogoro upande wa Kimara ilikuwa mita 121.5 kila upande na bomoabomoa ya 2017 wote tuliiona. Kwa hiyo kabla hujanunua kiwanja cha barabarani, usimsikilize dalali, usimsikilize hata muuzaji akikuapia, nenda ofisi ya meneja wa TANROADS wa mkoa uombe waje wakuonyeshe mpaka. Kupimwa kabla ya kununua ni bora mara mia kuliko kupimwa baada ya kupaua.

Kuna wanaouliza mbona mama lishe na wauza nyanya wapo mita tatu kutoka lami na hawabomolewi. Meza na kibanda cha kuhamishika ni kitu kimoja, msingi wa zege ni kitu kingine, lakini hata hivyo hiyo ni hifadhi na wanaweza kuambiwa waondoke muda wowote. Mimi kinachonitisha pale sio sheria, ni lori lililokatika breki. Rudini nyuma ya mtaro, tafadhali, mteja wa nyanya atawafuata hukohuko.

Tukija kwenye mtaro hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana ndo kazi yangu ya kila masika. Lami haifi kwa magari peke yake, inakufa kwa maji. Chini ya lami kuna tabaka za changarawe na kokoto zilizoshindiliwa, zikiwa kavu zinabeba lori lenye mzigo bila shida, maji yakiingia zinalainika kama ugali uliozidi maji, lori likipita lami inabonyea, inapata ufa, ufa unaingiza maji zaidi, baada ya wiki chache una shimo la kumeza tairi. Sasa mtu anafungua duka, anataka wateja waingie na pikipiki, anajaza kifusi kwenye mtaro mbele ya mlango wake, basi. Maji yanayotoka juu yakifika pale yanakosa njia, yanapanda barabarani au yanaingia kwa jirani, na jirani anakuja kutulaumu sisi. Kalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, nazo ndo zimekuwa jalala, chupa, mifuko ya mbolea, maganda, mvua ya kwanza tu imeziba.

Unaruhusiwa kabisa kuwa na njia ya kuingilia kwako, ila unaandika barua kwa mwenye barabara, wanakuja kuangalia, wanakuambia uweke kalavati la ukubwa gani au daraja la zege la namna gani ili maji yapite chini. Hivyohivyo kwa bomba la maji, waya, bango la biashara, chochote kinachoingia ndani ya hifadhi kinahitaji kibali. Kukata lami usiku upitishe bomba alafu unafukia na udongo, huo mfereji utatitia na mtu wa bodaboda ataanguka hapo.

Matuta. Kipande chenye makazi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, kuanzia kibao cha 50 mpaka kile cha kumaliza, na malori makubwa na mabasi hata nje ya mji hayaruhusiwi kuzidi 80. Tatizo kibao peke yake hakimzuii mtu, naelewa hasira zenu mtoto akigongwa. Lakini kumwaga udongo au kujenga tuta wenyewe ni kosa, na ni hatari kweli, tuta lisilo na alama wala rasta, vile vituta vidogovidogo vya kumwamsha dereva usiku, linaua abiria wa pikipiki kabla halijamuokoa mtoto. Njia yake ni mkutano wa kijiji au mtaa, muhtasari unaandikwa, unapita kwa mtendaji wa kata, unakwenda kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa trafiki wa wilaya na kwa diwani. Kuna pia bodi ya barabara ya mkoa, mwenyekiti ni mkuu wa mkoa na wabunge wanakaa humo, kwa hiyo mwambieni mbunge alisemee pale.

Lori likiharibika mjini kwenu, dereva aweke pembetatu mbele na nyuma, na akiondoka aondoke na mawe yake na matawi yake. Yale mawe yanayoachwa katikati ya lami yanaua usiku. Dizeli ikimwagika mwageni mchanga, dizeli inayeyusha lami kabisa. Na wanaong'oa vibao na vyuma vya kingo kwenda kuuza chuma chakavu, tajeni majina yao kwa mtendaji, kona ya Kitonga bila kingo sio kitu cha kuficha kwa sababu ya ujirani.

Wakulima mnaosafirisha kwa malori ya Fuso, gari ikizidi tani 3.5 pamoja na mzigo lazima ipite mizani, na inapimwa kila ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu. Kwa ekseli mbili ni tani 8 mbele na 10 nyuma, basi ukirundika magunia yote nyuma utapigwa faini hata kama jumla iko sawa. Pangeni mzigo kuanzia shambani.

Barua yenu iwe na jina la barabara, upande wa kushoto au kulia mkielekea wapi, na namba ya nguzo ya kilomita iliyo karibu. Wekeni picha mbili, ya kiangazi na ya siku ya mvua, na namba ya simu ya mwenyekiti. Ajali ikitokea piga 112 polisi, moto ni 114.