Gari la Umeme na Mlima wa Nyang'oro
Imezoeleka kusemwa hapa Dodoma kwamba familia inayosafiri mara kwa mara kwenda Iringa inunue gari la petroli, kwa kuwa la umeme litaishiwa nguvu katika mlima wa Nyang'oro. Dai hilo si sahihi. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha magurudumu tangu gari linapoondoka, wala haihitaji hewa. Injini ya petroli isiyo na tabochaja (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), katika mwinuko wetu wa takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Wakati wa kuteremka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya chaji (petroli iliyoungua, bila shaka, hairudi kwenye tangi). Hoja yenye uzito ni mahali pa kuchaji njiani, na hapo petroli bado ina nafuu kubwa.