Simu, tableti, laptopu: nini kifanane na nini ukiache kila kimoja kivyake

Wateja wengi wakija kwangu ombi lao ni lilelile, "nataka aplikesheni ionekane sawasawa kila mahali". Nami huwa nauliza, sawasawa kwa nani? Maana mwenye iPhone na mwenye Tecno hawakai chini wakalinganisha skrini zao. Kila mmoja anailinganisha aplikesheni yako na zile nyingine alizonazo kwenye simu yake. Anayelinganisha kweli ni yule mtu mmoja mwenye vifaa viwili, asubuhi ameanza kujaza fomu kwenye simu ndani ya daladala, mchana anataka aimalizie kwenye laptopu ya ofisini. Huyo ndiye namdizainia.

Huyo hajali kama kona za kitufe zimepinda kiasi gani, anachotaka ni kukuta majina yaleyale, rangi zenye maana ileile na hatua kwa mpangilio uleule. Kama kwenye simu kitufe kimeandikwa "Thibitisha" na kwenye tovuti kimeandikwa "Kubali", halafu ujumbe mfupi unaomfikia unasema "ombi limepokelewa", lazima asite, na kama ni mambo ya hela ndo kabisa, atapiga huduma kwa wateja. Ndo maana orodha ya maneno naiandika kabla sijachora hata boksi moja, na inahusu mpaka menyu ya nyota na reli kama mteja anayo, maana huko hakuna rangi wala picha, maneno ndo dizaini yenyewe.

Sasa kuna vitu ambavyo sigusi, navyo ni mazoea ya simu yenyewe. Chukua kurudi nyuma tu. Kwenye iPhone watu wamezoea mshale ulioko juu kushoto au kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto. Android ina kurudi kwake kwa mfumo mzima, na tangu toleo la 10 la mwaka 2019 unaweza kutelezesha kutoka ukingo wowote, kulia au kushoto. Timu ikidizaini kwa iPhone halafu ikahamishia tu Android, unakuta mshale wao unakurudisha hatua moja ila ukitelezesha kidole unatupwa nje ya aplikesheni katikati ya malipo. Nimeiona hii kwenye aplikesheni ya benki moja, na picha za skrini walizokuwa wanaringia zilikuwa zinafanana kabisa yaani!

Rangi ni rahisi, ila watu wanaziharibu kwa kuzipa majina ya rangi. Ukiiita "kijani-3" siku mandhari meusi yakiwashwa na kijani hicho hakisomeki, utafanyaje? Ipe jina la kazi yake: rangi-kuu, rangi-ya-hatari, rangi-ya-maandishi. Kila jina linabeba thamani mbili, ya mwanga na ya giza, zinakaa kwenye faili moja la JSON (faili la maandishi ambalo programu yoyote inaweza kulisoma), na Android, iOS na tovuti wote wanachota humo. Dizaina akibadilisha sehemu moja inabadilika kote, mabishano ya "mbona yako imeiva kuliko yangu" yanapungua sana.

Upande wa saizi, ukipima kwa pikseli, yaani nukta za skrini, umeshapotea. Android inatumia dp, kipimo kisichotegemea wingi wa nukta, na dp moja ni pikseli moja kwenye skrini ya dpi 160 (nukta 160 kwa kila inchi), kwa hiyo kitufe cha 48dp kinakuwa pikseli 96 kwenye dpi 320 na pikseli 144 kwenye dpi 480, ila kidoleni kinabaki karibu saizi ileile. Google wanapendekeza eneo la kugusa lisipungue 48dp kwa 48dp, Apple wanasema pointi 44 kwa 44, pointi ikiwa kipimo chao kinachofanana na dp. Mimi naweka 48 kote, sitaki mabishano.

Ila kinachoumbua dizaini nyingi ni maandishi makubwa. Watu wazima wengi wanakuza herufi kwenye mipangilio ya simu, na Android 14 inaruhusu mpaka asilimia 200. Kitufe ulichokifungia kimo cha 48dp, neno "Thibitisha" linakatwa tumbo, au fomu inarefuka mpaka kitufe kinasukumwa chini ya skrini na ukurasa hautelezi. Dawa yake ni kwamba 48 iwe kiwango cha chini, si kimo cha kudumu, maandishi yapimwe kwa sp (kama dp, ila inakua pamoja na saizi ya herufi aliyochagua mtumiaji), na kila ukurasa uweze kutelezeshwa hata ule unaoona ni mfupi.

Kwenye tableti usivute tu ukurasa wa simu ukaupanua, mistari inakuwa mirefu mno kusomeka. Mgawanyo wa Material, mwongozo wa dizaini wa Google, unasema skrini yenye upana wa chini ya 600dp ni nyembamba, 600 mpaka 839 ni ya kati, 840 kuendelea ni pana. Mimi kwenye pana orodha naiweka kushoto, maelezo kulia, na menyu ya chini inahamia pembeni, ila vitu vilivyomo ni vilevile na mpangilio wake hauguswi.

Kabla ya kukabidhi kazi nachukua simu ya bei nafuu yenye skrini ndogo, nakuza herufi mpaka mwisho, nawasha mandhari meusi, naweka lugha ya Kiswahili, halafu nafanya malipo kuanzia mwanzo mpaka risiti. Ikipita hapo, kwenye simu za bei mbaya huwa hainisumbui sana.