Ganzi ya mguu ukikimbia: nionyeshe kwanza kamba zako

"Dada, nikikaribia Mikindani huu mguu wa kulia haupo." Hivyo ndivyo alivyonieleza kaka mmoja wa jogingi za Jumamosi. Wanatoka Shangani, hapa Mtwara, alfajiri hadi Mikindani, kilomita kama 10. Mwenzake alishamwambia ni sukari, jirani akasema amekanyagishwa kitu.

Mimi ni mfiziotherapia, natibu viungo na misuli, ya kukanyagishwa nawaachia wenyewe. Nilimwambia avae raba zake kama siku zote. Alivuta kamba mpaka ulimi wa kiatu ukajikunja. Alipovua, juu ya mguu palikuwa na michirizi kama shavu la mtu aliyelalia mkeka.

Hapo juu ya mguu hapana nyama. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoleta hisia katikati ya kidole gumba na cha pili inapita baina ya ngozi na mfupa, ikibanwa na kamba inakufa ganzi. Halafu mguu huvimba ukikimbia, na kwa joto letu la Mtwara ndiyo zaidi. Raba iliyokuenea saa 11 alfajiri, kilomita ya 6 imeshakuwa ndogo. Ndiyo maana nawaambia raba za mtumba zijaribuni jioni, na soksi zile zile za kukimbilia. Chomoa soli ya ndani, ikanyage: vidole vikimwagika nje ya ukingo, mrudishie muuzaji hata kama kapunguza bei. Kwenye kamba, ruka tundu lililo juu ya pale panapouma.

Lakini ganzi zote si za kamba, kwa hiyo huwa nauliza iko wapi. Ikiwa kati ya kidole cha tatu na cha nne, inawaka, na unahisi kama kuna punje ya korosho ndani ya soksi, hiyo ni neva iliyovimba kati ya mifupa. Tafuta kiatu kipana mbele. Ikianzia kiunoni na kushuka pajani, tutaangalia mgongo. Ikiwa kila ukikimbia muundi unakaza kama jiwe, mguu unakufa ganzi, ukipumzika unaachia, muone daktari, maana misuli inabanwa ndani ya mfuko wake na kuchua hakusaidii.

Sukari? Hiyo mara nyingi hushika nyayo zote mbili, na haingoji ukimbie, hata kitandani ipo. Kapime. Na ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, usingoje Jumatatu wala usinipigie mimi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kaka yetu alirudi baada ya wiki mbili. Amenunua raba kubwa kwa namba moja, na mguu ulifika naye Mikindani. Zile za zamani kampa mdogo wake. Juzi mdogo mtu ndiye aliyeingia akichechemea.