Fuwele hazikumiminwa

Juzi nimeambiwa tena, na mtu aliyekumbatia kichala cha amethisto, yaani fuwele za kwatzi za rangi ya zambarau, kwa mikono miwili: "Hili ni jiwe lililoyeyuka, likaingia kwenye tundu, likagandia humo." Jamani, hapana.

Kwatzi huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi. Lava ya basalti, ambayo mapovu yake ya gesi huacha matundu ya namna hiyo, hutoka ikiwa na nyuzi 1,000 hadi 1,200. Hiyo kwatzi ya majimaji ingetoka wapi? Tena, kilichomiminwa hutuama chini. Pasua jiwe lenyewe uone: fuwele zimejaa darini, kutani na sakafuni, ncha zote zikitazama katikati.

Kazi hiyo imefanywa na maji. Hupenya kwenye nyufa yakiwa yamebeba silika, ambayo ndiyo hujenga kwatzi. Yakipoa, au kanieneo (mgandamizo) ikishuka, hayawezi tena kuibeba yote, nayo hujishika ukutani kidogo kidogo. Mwanzoni huota fuwele ndogo nyingi, kila moja na uelekeo wake. Zilizoinama hugota kwa jirani na kukomea hapo. Zilizosimama wima kutoka ukutani husonga mbele na kunenepa. Ndiyo maana kila anayeniletea kichala namwambia akigeuze kwanza, atazame shina kwa lenzi. Chini ni chembe zilizobanana kama sukari, juu ni fuwele chache nene. Mashindano yote yamebaki yakionekana hapo.

Kwamba pande zile bapa zimekatwa na fundi? Fuwele hujitengenezea pande zake. Nicolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark, alishaandika mwaka 1669 kwamba pembe kati ya pande za kwatzi hazibadiliki, iwe fuwele ndogo au kubwa. Ncha moja moja zilizochongwa zipo sokoni, ndiyo, na mara nyingi pembe ndizo huzifichua.

Kwamba kubwa lazima iwe kongwe kuliko ndogo? Ukubwa hutaka nafasi na utulivu. Katika pango la Naica, Mexico, fuwele za jasi, madini laini ya kutengenezea plasta, zilipita urefu wa mita 11 kwa kuwa maji ya nyuzi kama 58 yalikaa muda mrefu bila kubadilika sana, hivyo zikaanza chache tu, kila moja ikapata nafasi ya kukua.

Na zambarau ya amethisto haikupakwa. Ni chuma kidogo ndani ya kwatzi pamoja na mnururisho (mionzi) wa asili wa miamba. Ila jua kali huififisha, kwa hiyo kiondoeni hicho kichala dirishani.