Kanisa la Cluny halikuteketea usiku mmoja

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, hasa ya historia na ya dini: eti mwaka 1789 wanamapinduzi waliivamia abasia (monasteri kubwa ya watawa) ya Cluny, mashariki mwa Ufaransa, wakaichoma ikaisha usiku mmoja.

Sivyo. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilifika urefu wa mita 187 hivi, kutoka mbele hadi nyuma. Hakuna kanisa la Ukristo lililolizidi mpaka Basilika ya Mtakatifu Petro ilipojengwa upya Roma. Mashirika ya watawa yalifutwa Ufaransa mwaka 1790, nao wakalazimika kuondoka. Mwaka 1798 majengo yakauzwa kwa wafanyabiashara, nao wakayageuza machimbo: wakabomoa na kuuza mawe, polepole, hadi mwaka 1823. Biashara tu, tena ya kuchosha.

Ukitaka kuhakiki, anza na mlango mkuu. Ulilipuliwa kwa baruti mwaka 1810, na vipande vyake vya kuchongwa vimo kwenye makumbusho ya mji huohuo. Kilichoungua mwaka 1789 kingelipuliwaje miaka 21 baadaye? Halafu tazama picha za leo: Mnara wa Maji ya Baraka, mmoja wa minara ya kanisa hilo, wenye pembe nane, bado umesimama.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa sababu vurugu zilikuwepo na nyaraka za abasia zilichomwa kweli mwaka 1793. Moto wa makaratasi ukageuzwa moto wa kanisa zima.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.