Faili iliyokatikia kwenye mzizi wa jino: umeme hauichomi

Faili ni kile kijitupa chembamba anachotumia daktari wa meno kusafisha mfereji wa mzizi, na wakati mwingine hukatikia humo humo. Kuiyeyusha kwa elektrokemia ni hivi: mfereji hujazwa maji yenye chumvi maalumu, kipande huunganishwa na upande chanya wa umeme, nacho hulika kidogo kidogo mpaka njia ifunguke. Watafiti wa Brazili walichapisha wazo hilo mwaka 2010 kwa faili za nikeli na titani.

Kinachochosha ni maelezo yanayozagaa: mara umeme "unachoma chuma kinakuwa uji", mara "wanamwaga asidi". Aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na titani huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 1,300 za Selsiasi. Taya gani lingestahimili? Hapa chuma hakiyeyuki kwa joto. Umeme huzipokonya atomi zake elektroni, zikawa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na ayoni zikaingia majini. Ni kutu ya makusudi, ndugu wa ile inayokula nondo za nyumba zetu za pwani, ila hii imeharakishwa.

Asidi nayo ilikuwa na zama zake. Ya nitriki na ya hidrokloriki ziliwahi kujaribiwa kwa kazi hii, lakini asidi haichagui: hula dentini, yaani sehemu ngumu ya ndani ya jino, na kuunguza nyama iliyo nje ya ncha ya mzizi. Umeme hula kile kilichoungwa na anodi, yaani ule upande chanya. Uzuri huo ndio pia ugumu wake, maana lazima anodi ikiguse kipande, na vipande vingi hukatikia chini kabisa, pale mzizi unapopinda.

Hata chumvi si yoyote tu. Faili za chuma kisichoshika kutu hulika kwenye chumvi ya kawaida ya mezani. Za nikeli na titani zimejifunika utando wa oksidi ya titani ambao kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo huushindwa, ndiyo maana huongezwa floraidi, ile ile ya dawa ya meno, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Sasa, wale wanaosema "siku hizi wanayeyusha tu" wapunguze kasi kidogo. Kazi kubwa ya utafiti huu imefanyika kwenye vifereji bandia na meno yaliyokwisha kung'olewa. Kliniki, daktari kwa kawaida hutumia darubini na ncha za mitetemo ya altrasoniki (ya kasi kuliko sauti tunayoweza kuisikia), au hupitisha faili nyingine pembeni ya kipande, au hukiacha kilipo. Na kukiacha si lazima kuwe uzembe: kinacholeta maambukizi ni bakteria waliobaki ng'ambo ya kipande, si chuma chenyewe. Mwenye kipande mdomoni amuulize daktari mfereji ulikuwa umesafishwa kufikia wapi faili ilipokatika.